Kuoza kwa uyoga shambani: bakteria walikuwamo siku zote

Anayeanza kulima uyoga akikuta kofia zilizokuwa nyeupe juzi zimeota madoa ya kahawia, swali lake la kwanza huwa moja: nipulize dawa gani? Akikuta zimelainika na kutoa ute unaonuka, haulizi tena, anatafuta wa kumlaumu. Na majibu hayakosekani. Huyu atasema ni ukungu, yule atalaumu mbegu, mwingine atasema banda ni chafu, na hatakosekana wa kuleta chupa ya dawa iliyobaki kwenye shamba la nyanya.

Mkanganyiko huu una mizizi miwili. Wa kwanza ni kudhani kwamba kila uyoga ulioharibika una ugonjwa uleule. Wa pili ni kudhani kwamba ugonjwa huo umeletwa na kitu kilichoingia bandani jana usiku. Ukweli ni kwamba bakteria wanaoharibu uyoga ni wa aina kadhaa, kila aina ina namna yake ya kuharibu, na wengi wao walikuwamo kwenye mboji, udongo na maji tangu mwanzo, wakiishi bila kumsumbua yeyote. Kinachowageuza kuwa ugonjwa, mara nyingi, ni maji yanayokaa juu ya uyoga kwa muda mrefu kuliko yanavyopaswa. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalosahaulika mara tu mtu anaposhika bomba la kupulizia dawa.

Uyoga wenyewe kwanza

Uyoga si mmea. Ni fangasi, na kile tunachokichuma na kukila ni sehemu yake ya uzazi tu. Kiumbe chenyewe kinaishi ndani ya mboji au mabua kwa umbo la nyuzi nyembamba nyeupe zilizosokotana, ambazo wataalamu huziita maiselia. Nyuzi hizo zikishasambaa vya kutosha na hali ya hewa ikiruhusu, hujikusanya, hutoa vichipukizi, na vichipukizi vinakuwa kofia na shina. Uyoga wa kifungo, Agaricus bisporus, ukishafika hatua hiyo huweza kuongezeka ukubwa maradufu kwa siku moja.

Mambo matatu ya mwili huu yanahitaji kukumbukwa, maana bila hayo ugonjwa hauelezeki. Kwanza, takriban asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji. Pili, uyoga hauna ile ngozi yenye nta inayofunika jani au tunda. Tone likidondoka juu ya kofia linagusana moja kwa moja na nyuzi hai. Tatu, kuta za seli zake hazikujengwa kwa selulosi kama za mimea. Zimejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye magamba ya wadudu na kamba, pamoja na sukari ndefu zinazoitwa glukani. Kwa hiyo bakteria anayetaka kuubomoa uyoga anahitaji vifaa tofauti na vya yule anayeozesha kabichi. Kuna waliojaliwa vifaa hivyo, na kuna wasiovihitaji kabisa kwa sababu wamegundua njia fupi zaidi.

Ukungu na bakteria navyo vitenganishwe mapema. Ukungu ni fangasi, yaani ni ndugu wa uyoga wenyewe, na ukiuvamia uyoga mara nyingi utaona manyoya, unga au utando. Bakteria ni viumbe wa seli moja, wadogo kiasi kwamba huwaoni kwa macho. Unachoona ni kazi yao tu: doa, ute, shimo, harufu.

Doa la kahawia linavyotokea

Ugonjwa wa bakteria unaojulikana kuliko yote katika kilimo hiki ni ule wa madoa ya kahawia. Ulielezwa kisayansi mwaka 1915 na mtafiti aitwaye Tolaas, na mwaka 1919 Paine akamtaja bakteria anayeusababisha na kumpa jina la mtangulizi wake. Leo anaitwa Pseudomonas tolaasii. Ni ndugu wa kundi kubwa sana la bakteria wanaoishi kwenye udongo na maji, ambao wengi wao hawana madhara.

Huyu hufika kwenye uyoga kwa kuogelea. Ana vijimkia vinavyomsukuma majini, na huvutwa na asidi amino na vyakula vingine vinavyovuja kutoka kwenye nyuzi za uyoga. Akizifikia nyuzi, hujishika imara. Hapo ndipo utando wa maji unapohesabika: bila maji hana pa kuogelea wala chakula cha kumfikia. Penye unyevu na joto la wastani huanza kugawanyika, mmoja kuwa wawili, wawili kuwa wanne. Tuchukulie kwa hesabu ya karatasini kwamba wanagawanyika kila saa. Bakteria mmoja anayepata saa 24 za maji bila kukatizwa atakuwa ameacha kizazi cha zaidi ya milioni 16. Akipata saa tatu tu kabla kofia haijakauka, watakuwa wanane. Tofauti kati ya banda lenye madoa na banda safi ni hesabu hiyo.

Wakishakuwa wengi, hutoa sumu iitwayo tolaasini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 18 wenye kipande cha mafuta kilichoshikamana nao, na umbo hilo linaiwezesha kujipenyeza kwenye utando laini unaozunguka seli. Molekuli kadhaa zikikutana ndani ya utando huo hutengeneza tundu. Chumvi za ndani na za nje, ambazo seli hutumia nguvu nyingi kuzitenganisha, zinaanza kupita ovyo, maji yanafuata, na seli inapasuka. Sumu hii pia hufanya kazi kidogo kama sabuni: inalegeza maji yatambae na kulowanisha eneo pana zaidi, jambo linalowafaa bakteria walewale walioitoa. Hakuna ukuta uliobomolewa hapa. Ni matundu tu, na vilivyomo ndani ya seli vinamwagika na kuwa chakula.

Na rangi ya kahawia inatoka wapi? Wengi wanaamini kwamba ndiyo rangi ya bakteria, au kwamba ni uozo wenyewe. Sivyo. Rangi hiyo ni ya uyoga. Ndani ya seli nzima kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kiitwacho tirosinasi na kuna kemikali za jamii ya fenoli, navyo vimetengwa visikutane. Seli ikipasuka vinakutana, oksijeni ikiwapo, na matokeo yake ni melanini, rangi ya jamii ileile inayoipa ngozi ya binadamu weusi wake. Ndiyo maana kofia iliyobonyezwa kwa kidole nayo hugeuka kahawia bila bakteria yeyote kuhusika. Madoa ya ugonjwa huu kwa kawaida hayaingii ndani sana, ni milimita chache tu chini ya ngozi. Hapo mwanzo huwa na rangi ya manjano iliyopauka, kisha hukolea na kubonyea kidogo. Kwenye uyoga wa mamama, jamii ya Pleurotus, bakteria huyuhuyu huleta zaidi umanjano na rangi ya machungwa iliyofifia, na vishada vichanga vinaweza kudumaa kabisa.

Bakteria huyu ana tabia moja inayofafanua kwa nini anakaa bandani majuma mengi bila kuonekana. Ana sura mbili. Katika sura moja anatengeneza tolaasini; katika nyingine hatengenezi, na anaishi kama mkazi yeyote wa udongo. Badiliko hilo hutokea kwenye chembe zake za urithi na linaweza kurudi nyuma. Hivyo mtu anaweza kupima udongo wake, akamkuta bakteria mwenye jina baya, na bado asiwe na ugonjwa. Jina peke yake halitoshi.

Kulainika ni jambo jingine

Kama doa la kahawia ni kutoboa, kuoza kwa majimaji ni kubomoa. Hapa wahusika ni tofauti. Mmoja ni Burkholderia gladioli wa kundi dogo linaloshambulia uyoga, anayechimba mashimo yenye ute kwenye kofia na shina mpaka uyoga unaonekana kama umeliwa na konokono. Mwingine ni Janthinobacterium agaricidamnosum, aliyepewa jina hilo mwaka 1999. Sehemu ya mwisho ya jina lake inabeba maana ya mharibifu wa Agaricus, na analistahili.

Bakteria wa aina hii humwaga nje vimeng'enya vinavyokata kaitini, glukani na protini, yaani vinaukatakata ukuta wenyewe wa seli mpaka nyama ya uyoga inakosa cha kuishikilia. Kuhusu Burkholderia, uthibitisho ulipatikana maabara kwa njia rahisi kueleza: watafiti walimharibu ule mtambo anaotumia kusukuma vimeng'enya nje ya mwili wake, kisha wakamweka juu ya uyoga. Alikuwa hai, lakini hakuweza kuchimba shimo. Silaha ilikuwapo, mlango wa kuitolea ndio uliofungwa.

Janthinobacterium ana nyongeza. Mwaka 2012 wanasayansi nchini Ujerumani walitangaza kwamba wametenga sumu yake, wakaiita jagarisini. Nayo ni mnyororo wa asidi amino wenye mkia wa mafuta, ingawa si sawa na tolaasini. Naona hili ndilo la kushangaza katika habari nzima: viumbe wawili walio mbali kiukoo wamefikia silaha zenye mpango unaofanana dhidi ya windo lilelile.

Uozo wa majimaji ni wa kasi. Uyoga ulioonekana mzima leo unaweza kuwa rojo baada ya siku mbili tatu, na ute wake ukidondokea majirani unaenda na mamilioni ya bakteria. Mkulima anayeona madoa makavu ya kahawia ana nafasi ya kurekebisha hewa na kuendelea. Anayeona ute hana muda huo, anapaswa kuondoa uyoga huo kabla hajafungua bomba la maji.

Zipo sura nyingine za bakteria ambazo nitazipitia kwa haraka. Pseudomonas gingeri huleta madoa mepesi yenye rangi ya tangawizi, yasiyokolea kama ya tolaasii. Pseudomonas agarici hushambulia vijikunjo vya chini ya kofia, vikatoa matone ya ute mweupe au wa kijivu, wakati kofia kwa juu haina kasoro. Ewingella americana huozesha kiini cha shina kikawa cha kahawia, na mara nyingi hugundulika pale tu kisu kinapokata wakati wa kuvuna. Na kuna ugonjwa unaoufanya uyoga ukauke ukiwa umesimama, kofia imeinama, nyama imekuwa ngumu kama ngozi. Huo husafiri kitandani kupitia nyuzi zenyewe, ndiyo sababu wakulima wazoefu huchimba mfereji kukata kitanda mbele ya sehemu iliyougua. Nao unahusishwa na bakteria wa jamii ya Pseudomonas, ijapokuwa hauna tone la majimaji. Si kila bakteria huleta ute.

Maji, tena

Bandani kunahitaji unyevu. Hewa ikiwa kavu, uyoga hupasuka, hudumaa au hauchipui kabisa. Mkulima anaambiwa aweke unyevu wa asilimia 85 hadi 95 kutegemea hatua ya ukuaji, kisha anaambiwa kofia zisilowe. Inasikika kama kinyume, na hapa ndipo wengi hukata tamaa.

Unyevu wa hewa na maji ya juu ya kofia ni vitu viwili. Hewa inaweza kubeba mvuke mwingi bila kumlowesha mtu. Mvuke unageuka maji pale hewa inapogusa kitu chenye ubaridi wa kutosha, kama chupa ya maji baridi inavyotoka jasho ikiwekwa mezani. Swali ni: ubaridi kiasi gani? Chukua banda lenye nyuzi joto 18. Unyevu ukiwa asilimia 85, kofia inabidi iwe na ubaridi wa takriban nyuzi mbili na nusu kuliko hewa ndipo umande uanze kutanda. Unyevu ukiwa asilimia 95, tofauti isiyofika nyuzi moja inatosha. Nyuzi moja ni kitu kidogo mno. Mlango ukifunguliwa hewa ya joto ikaingia, jua likapiga ukuta asubuhi wakati vitanda bado vina baridi ya usiku, au feni ikazimika na hewa ikatulia, umande unatanda juu ya kila kofia bila mtu kumwagilia hata tone.

Kwa hiyo unyevu wa juu wenyewe si kosa. Kosa ni unyevu wa juu unaokutana na joto linalopanda na kushuka. Banda lenye unyevu wa asilimia 90 na joto lisiloyumba linaweza kuwa salama kuliko lenye asilimia 85 ambalo joto lake linacheza mchana na usiku.

Umwagiliaji unafuata mantiki hiyohiyo. Maji yakimwagwa, kofia italowa, hilo haliepukiki. Kinachohesabika ni saa ngapi zitapita mpaka ikauke. Wakulima wazuri hulenga saa mbili au tatu. Humwagilia wakati ambapo hewa itaweza kukausha, hupunguza unyevu kidogo na kuongeza mzunguko wa hewa mara baada ya hapo, na hawamwagilii jioni kisha wakafunga madirisha wakaenda kulala. Vishada vilivyosongamana ni tatizo la pekee kwa sababu pale kofia mbili zinapogusana maji hayana njia ya kutoka. Chunguza uyoga wenye madoa na mara nyingi utakuta doa la kwanza liko kwenye ule mgusano.

Tiba zinazosemwa

Turudi kwenye chupa ya dawa. Dawa ya kuua ukungu haimgusi bakteria, na kwa kuwa uyoga wenyewe ni fangasi, ikiwa kali inaweza kumdhuru mgonjwa na kumwacha adui. Kuna dawa chache za ukungu zilizochunguzwa na kuruhusiwa kwa uyoga katika baadhi ya nchi, lakini zinalenga ukungu. Kuhusu antibiotiki, zinaweza kupunguza bakteria kwa muda, ila bakteria wa udongo hujifunza usugu haraka na uyoga unaliwa siku chache tu baada ya kupulizwa. Kutumia dawa ya hospitali kwenye vitanda vya uyoga ni kutengeneza tatizo kubwa kuliko lile lililokuwapo.

Klorini imekuwa ikitumika sana, hasa kwa kuichanganya kwenye maji ya kumwagilia kwa kiwango cha kama miligramu 150 kwa lita. Inasaidia, ila kwa mipaka. Klorini haichagui cha kuungana nacho. Ikigusa udongo wenye mboji nyingi inamalizwa na mboji kabla haijawafikia bakteria. Inasafisha maji na ngozi ya kofia kwa kiasi fulani, basi. Anayetegemea klorini huku kofia zake zinabaki majimaji usiku kucha anapoteza klorini yake. Kuna pia wanaoongeza kloridi ya kalsiamu kwenye maji, karibu gramu tatu kwa lita, na imeonekana kupunguza madoa na kuufanya uyoga uwe imara zaidi.

Imani iliyoshika mizizi kuliko zote ni kwamba suluhisho ni kuua kila kijidudu: chemsha kila kitu, toa vijidudu vyote, na ugonjwa hautakuja. Kwa uyoga wa kifungo mpango huo unagonga mwamba. Uyoga huu huchipua kwenye tabaka la udongo wa mboji na chokaa linalowekwa juu ya mboji kuu, na tabaka hilo likitakaswa kabisa, vichipukizi vinakuwa haba au havitokei. Unahitaji bakteria, miongoni mwao Pseudomonas putida, ambao hula gesi na kemikali zinazotolewa na nyuzi zenyewe na ambazo huzuia uchipuaji. Yaani ndugu wa karibu wa mharibifu ndiye mkunga. Isitoshe, eneo lililotakaswa ni kiwanja kitupu: bakteria wa kwanza kutua, mwema au mbaya, hakuti mshindani.

Wazo la kutumia bakteria dhidi ya bakteria limetokana na hilo. Nchini Japani watafiti walipata kundi la bakteria wanaoishi kwenye uyoga ulioharibika ambao huvunjavunja tolaasini. Mmoja wao alipewa jina la Mycetocola tolaasinivorans, mla tolaasini. Wengine wamejaribu virusi vinavyoshambulia bakteria tu. Ni njia zenye matumaini, lakini hazijachukua nafasi ya feni.

Usafi una kazi yake, ingawa si ile inayodhaniwa. Haufuti bakteria bandani. Unapunguza idadi wanayoanza nayo na kuwanyima usafiri. Mikono ya mvunaji, visu, ndoo, inzi wadogo weusi na utitiri ni magari yao, na tone la maji linaloruka kutoka kwenye uyoga mgonjwa ni gari la kasi kuliko yote. Hivyo mvunaji huanza na vitanda vizima na kumalizia na vilivyougua. Uyoga mgonjwa huondolewa kabla ya kumwagilia na si baada, na sehemu iliyoathirika inaweza kufunikwa kwa karatasi mbichi na chumvi ili isiguswe na maji.

Kabla ya kumlaumu bakteria

Baadhi ya kesi zinazopewa jina la bakteria si zake. Doa la kahawia lenye umbo la kidole ni la mshiko. Madoa ya kahawia yanayoambatana na kofia zilizopasuka, mashina yaliyovimba au uyoga uliogeuka donge kavu mara nyingi ni ya ukungu. Donge kubwa laini linalotoa matone ya rangi ya kaharabu nalo huanzishwa na ukungu, Hypomyces perniciosus. Bakteria wanakuja baadaye kumalizia, na harufu mbaya unayoisikia ni yao, ila hawakuanzisha. Ukijani ndani ya mfuko wa mabua ni Trichoderma, ukungu mwingine, na huo hutokana zaidi na utayarishaji duni wa mabua kuliko na hewa. Anayetaka uhakika atahitaji maabara. Tangu mwaka 1979 kuna kipimo rahisi ambapo bakteria anayeshukiwa huoteshwa karibu na ndugu yake fulani kwenye sahani ya maabara: akiwa tolaasii, mstari mweupe hujitokeza kati yao.

Baada ya kuvuna, na mezani

Kuvuna hakukati ugonjwa. Pseudomonas tolaasii anaendelea kukua, polepole, hata kwenye baridi ya jokofu, na uyoga uliotoka bandani ukiwa safi unaweza kuonyesha madoa kesho yake ndani ya kifungashio. Plastiki isiyopumua inafanya kazi ileile ya banda lililofungwa: uyoga unapumua, mvuke unanasa, umande unadondoka juu ya kofia. Kuosha uyoga kabla ya kuuhifadhi nako kunawasaidia bakteria kuliko mlaji, kwa sababu kunasambaza walio wachache na kuwapa maji waliyokuwa wanayangoja. Uoshwe pale unapokwenda kupikwa.

Je, unalika? Uyoga mgumu wenye madoa ya kahawia ya juujuu ni hasara ya sokoni zaidi kuliko hatari ya tumbo; Pseudomonas tolaasii hahesabiwi kuwa bakteria wa kuumiza watu, na sehemu yenye doa inaweza kukatwa. Uyoga uliolainika, wenye ute au harufu, ni habari nyingine. Humo hakuna anayejua ni bakteria gani wengine wameingia, na kupika hakuondoi kila sumu. Jamii ya Burkholderia gladioli ina tawi linalotengeneza asidi ya bongkreki, sumu isiyo na ladha wala harufu na inayostahimili moto wa jikoni. Ndiyo iliyotajwa na wachunguzi katika mkasa wa pombe ya mahindi wa Chitima, Msumbiji, Januari 2015, uliowaua watu 75. Tawi hilo si lile linalochimba mashimo kwenye uyoga bandani, na wawili hawa wasichanganywe. Lakini nchini China sumu hiyohiyo imewahi kuua watu waliokula uyoga mweusi wa masikio uliokaushwa, ukalowekwa, kisha ukaachwa ndani ya maji kwa muda mrefu mno mahali penye joto. Uyoga mkavu ulowekwe kiasi cha mlo mmoja, kwa saa chache, au ndani ya jokofu, na maji ya kulowekea yakianza kuteleza vidoleni, vyote vitupwe.